Jina la ndege likifa, feza ya abiria isizikwe nalo

MASHARIKI YA CONGO – Kampuni ya ndege inapotaka kubadili jina au kufunga kabisa, wa kwanza kujua ni wakubwa wake. Wa pili ni mabenki na wale wanaoiuzia mafuta. Wa tatu ni wafanyakazi, kwa sababu mishahara inaanza kuchelewa. Abiria ndiye wa mwisho. Mara nyingi anajua siku ile anafika uwanjani na watoto na mizigo, anakuta dirisha limefungwa na karatasi imebandikwa juu yake.

Lakini kati ya siku wakubwa walipojua na siku abiria alipojua, tiketi ziliendelea kuuzwa. Hapo ndipo penye shida. Kumuuzia mtu tiketi ya miezi mitatu mbele, kwa jina ambalo muuzaji anajua halitafika miezi hiyo, si biashara. Ni kukopa feza ya mtu bila kumwomba, na bila kumwambia kama utamlipa.

Jambo hili si la matajiri peke yao. Katika nchi nyingine mtu anayekosa ndege anapanda basi au gari la moshi. Hapa kwetu mkaaji wa Bunia, Beni au Kalemie anayetaka kufika Kinshasa hana basi la kupanda. Barabara hakuna, na pale zilipo kuna vizuizi, matope na watu wenye silaha. Ndege si starehe. Kwa mgonjwa anayetafuta daktari, kwa mwanafunzi, kwa mama anayefuata watoto waliotangulia mbele yake wakati wa vita, ndege ni daraja. Na anayevunja daraja baada ya kupokea nauli ya kuvuka hana haki ya kuitwa mfanyabiashara aliyepata bahati mbaya.

Majina yamepita mengi

Wazee wanakumbuka. Mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, nchi ilipata kampuni yake, Air Congo. Mwaka 1971 nchi ilipobadili jina ikaitwa Zaïre, kampuni nayo ikaitwa Air Zaïre. Mwaka 1995 Air Zaïre ikafilisika. Baada ya utawala wa Mobutu kuanguka mwaka 1997, likaja jina la Lignes Aériennes Congolaises, ambalo watu waliliita LAC. Nalo likafifia.

Wakati huo huo kampuni za watu binafsi ziliinuka. Hewa Bora Airways ilikuwa na jina tamu la Kiswahili ambalo kila mtoto wa mashariki alilielewa. Aprili 2008 ndege yake ilishindwa kuruka Goma na ikaangukia mtaa wa Birere. Tarehe 8 Julai 2011 ndege yake nyingine, Boeing 727, ilianguka Kisangani ikitoka Kinshasa, na watu zaidi ya 70 wakafa. Serkali ikaizuia kuruka. Mwaka uliofuata likatokea jina FlyCongo mahali pake, na halikudumu, likamezwa na kampuni nyingine.

Mwaka 2012 huo huo, Lubumbashi ilipata Korongo Airlines, yenye jina la ndege wa porini, na nyuma yake walikuwapo Brussels Airlines na kundi la George Forrest. Watu wakasema: hii ina mizizi Ulaya, haitaanguka. Mwaka 2015 Korongo ikafunga. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi wa Oktoba, Congo Airways ya serkali ikaanza kuruka kwa ndege mbili aina ya Airbus A320. Na Desemba 2024 ikaanza kampuni mpya ambayo serkali ya Congo ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49. Jina lake? Air Congo.

Angalia vizuri hapo. Jina la mwaka 1961 limerudi mwaka 2024. Lakini kampuni si ile. Mwenye tiketi ya zamani ya Air Congo au ya Air Zaïre hawezi kwenda nayo kwenye dirisha la leo. Herufi ni zile zile, rangi zinaweza hata kufanana, ila mwenye deni ni mwingine. Hilo ndilo somo ambalo kila mnunuzi wa tiketi anapaswa kulijua kabla ya kutoa franka moja: abiria anaona jina lililoandikwa kwenye ubavu wa ndege, lakini anayemdai yuko kwenye karatasi za ofisini.

Kuna vifo vya aina mbili

Wengi wanachanganya mambo mawili. Kuna jina linalokufa huku kampuni ikiishi, na kuna kampuni inayokufa huku jina jipya likizaliwa. Kwa macho mambo hayo yanafanana. Kwa mfuko wa abiria ni tofauti kama maji na mafuta ya taa.

Wakongomani wana mfano wao wenyewe, kwenye njia wanayoijua kuliko zote za kwenda nje: Kinshasa na Brussels. Kampuni ya Sabena, iliyoanzishwa mwaka 1923, ilitangazwa kufilisika tarehe 7 Novemba 2001. Ile kampuni ilikufa. Ndege zilisimama siku hiyo, na mwenye tiketi mkononi akageuka mdai, akapanga mstari pamoja na mabenki na wafanyakazi. Mwanzoni mwa 2002 wengine wakaja na jina SN Brussels Airlines, wakaruka kwenye njia zile zile. Macho yaliona mwendelezo. Sheria iliona kampuni mbili.

Mwaka 2007 jina likabadilika tena. SN Brussels Airlines iliungana na Virgin Express, yakabaki maneno mawili, Brussels Airlines. Safari hii hakuna aliyekufa. Kampuni mbili zilizo hai ziliungana, deni likahama pamoja na mali, na ndege zikaendelea.

Kwa hiyo swali la mnunuzi si «Jina linabadilika?» Jina kubadilika peke yake hakuvunji mfupa wa mtu. Swali ni hili: «Anayekuja kesho anachukua madeni ya anayeondoka leo, au anachukua ndege, marubani na njia peke yake, na madeni anayaacha barabarani?» Kama jibu ni la kwanza, nunua. Kama ni la pili, shika feza yako. Na kama mwenye dirisha anacheka na kusema «Usihangaike, mama, ni kampuni ile ile», omba aandike maneno hayo kwenye karatasi na kuweka muhuri. Kalamu ikisita, umepata jibu.

Kuna jambo lingine ambalo jina jipya haliwezi kulifuta. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umeweka kampuni zote za ndege zilizopewa ruhusa na serkali ya Congo kwenye orodha ya zile zisizoruhusiwa kuruka katika anga yake. Sababu ya msingi ni ukaguzi wa serkali yenyewe, hauaminiwi. Majina yamekuja na kwenda, orodha imebaki. Rangi mpya haitengenezi injini.

Abiria anasimama mkiani

Watetezi wa kampuni husema: «Kampuni ikifilisika kuna sheria, kila mtu atalipwa kwa zamu.» Ni kweli kwamba sheria ipo. Tangu Septemba 2012 Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria hiyo ina mpango wa kampuni iliyoshindwa kulipa: tribinali inaweka msimamizi, msimamizi anahesabu mali iliyobaki, kila mdai anapewa muda wa kupeleka deni lake na ushahidi, kisha malipo yanaanza.

Lakini zamu hiyo ina ngazi. Kwanza gharama za tribinali na mishahara ya wafanyakazi, na ni haki. Kisha wale walioshika dhamana, yaani benki iliyokopesha ikaandikisha nyumba au mashine. Kisha serkali na kodi zake. Mwenye tiketi hana dhamana yoyote. Yuko mkiani, pamoja na aliyeuza karatasi na aliyefagia ofisi. Ndege yenyewe, kitu cha pekee chenye bei kubwa, mara nyingi si mali ya kampuni, imekodiwa, na mwenyewe anakuja kuichukua kabla ya wengine kuamka. Kinachobaki ni meza, viti na kompyuta za zamani.

Na muda wa kupeleka deni unahesabiwa tangu tangazo linapotoka, si tangu abiria anaposikia habari. Tangazo linatoka kwa Kifaransa, katika mji mwingine. Familia iliyokimbia vita, iliyolala kwenye shule au kanisa, iliyopoteza simu na karatasi njiani, itajua wapi kwamba siku zake zinahesabiwa? Kusema «sheria ipo» kwa mtu wa namna hiyo ni sawa na kumwonyesha chakula ng'ambo ya mto wakati mtumbwi hakuna.

Chukua mfano. Familia ya watu sita inakusanya dola 250 kwa kila mmoja, jumla dola 1,500. Mia tano zimetoka kwa mjomba aliye Ulaya, mia nne ni mbuzi na mashine ya kushona iliyouzwa, zilizobaki ni deni la kanisani. Kampuni ikifa wiki mbili kabla ya safari, familia haipotezi safari tu. Imepoteza mbuzi, imepoteza mashine, na deni la kanisani bado linasubiri. Nani katika wakubwa wa kampuni atalala njaa usiku huo?

Njia nayo hufa

Si jina peke yake linalokufa. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, uwanja wa ndege ulifungwa. Katikati ya Februari vita vikafika Kavumu, uwanja wa Bukavu. Watu waliokuwa na tiketi za kuruka kutoka miji hiyo miwili waliamka na karatasi inayotaja uwanja usiopokea ndege. Wengine walikimbia na karatasi hizo mfukoni. Wengine waliziacha nyumbani pamoja na kila kitu.

Hapo hakuna anayeweza kuilaumu kampuni kwa vita. Lakini vita havikula ile feza. Feza ililipwa kabla, kwa safari ambayo haikufanyika. Kampuni inayosema «ni nguvu iliyotushinda» inasema kweli kuhusu kuruka. Haisemi kweli kuhusu nauli. Nguvu iliyokushinda inakuondolea kosa la kutobeba mtu, haikupi ruhusa ya kubaki na mali yake. Na kampuni hiyo ikibadili jina kabla ya kurudisha, mkimbizi ameibiwa mara mbili: mara ya kwanza na bunduki, mara ya pili na kalamu.

Maneno ya wanaotetea, na majibu yake

Wa kwanza husema: «Anayenunua mapema analipa kidogo. Mkiwatisha watu wangoje, mnawapandishia bei.» Ni kweli kwamba tiketi ya mapema kwa kawaida ni rahisi. Lakini bei rahisi ya kitu kisichokuja si bei rahisi. Kwa kampuni iliyo imara, nunua mapema na ushukuru. Kwa kampuni iliyotangaza, au hata iliyonong'onezwa, kwamba jina lake linaondoka, zile dola thelathini au arobaini za ziada unazolipa karibu na siku ya safari ni bei ya usingizi.

Wa pili husema: «Mkiandika mambo haya mnaua kampuni. Watu wakiacha kununua, itaanguka kweli, na ndege zitapungua.» Neno hili lina uzito, kwa sababu ndege ni chache. Lakini lisikilizwe hadi mwisho. Linasema kwamba kampuni inaweza kusimama tu kama abiria hawajui hali yake. Basi inayoshikilia kampuni hiyo ni giza, na bei ya giza hilo inalipwa na mama mwenye mbuzi mmoja. Kama kampuni inahitaji mkopo, iende benki, ionyeshe vitabu vyake. Kama benki imekataa baada ya kuona vitabu, kwa nini abiria asiyeonyeshwa kitu akubali?

Wa tatu husema: «Masharti yameandikwa kwenye tiketi, abiria asome.» Masharti yako kwa herufi za mchwa, kwa Kifaransa au Kiingereza, na wanaonunua kwa feza taslimu kwenye ajansi ya mtaani mara nyingi hawapewi hata karatasi nzima, wanapewa kipande chenye namba. Na hakuna sharti linaloandika: «Jina hili litaondoka mwezi wa tano.» Kile ambacho hakikuandikwa, mtu atakisoma wapi?

Wa nne, huyu ni wa serkali, husema: «Nchi ni maskini, hatuna feza ya kulipia makosa ya kampuni.» Hili ndilo neno dhaifu kuliko yote. Tangu mwaka 2009 kila abiria anayepanda ndege Congo analipa Go-Pass. Ilipoanza ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, kwa ajili ya kutengeneza viwanja. Analipa tajiri, analipa mkimbizi. Hakuna anayevuka bila karatasi hiyo. Serkali iliyoweza kupanga watu wa kukusanya dola kumi kwenye kila mlango haiwezi kusema imeshindwa kupanga mfuko wa kuwalinda watu hao hao.

Na jambo hilo si ndoto. Uingereza ina mpango unaoitwa ATOL kwa wanaonunua safari za mapumziko. Muuzaji anatoa pauni 2.50 kwa kila msafiri, zinawekwa kwenye mfuko. Tarehe 23 Septemba 2019, Thomas Cook, kampuni kubwa na ya zamani, ilipoanguka usiku, serkali ilikodi ndege na kurudisha nyumbani Waingereza wapatao 150,000 waliokuwa nje. Feza ya mfuko ilikuwapo kabla ya kilio. Hapa kwetu kilio kinakuja kwanza, kisha kamisheni inaundwa, kisha kimya.

Jirani naye ametupa funzo. Desemba 2018, fastjet ya Tanzania iliacha kuruka, katikati ya majira ya Krismasi, wakati watu wengi wamekwisha kulipia safari za kwenda kwao. Kampuni iliyosifiwa kwa bei rahisi ilisimama katika siku zile ambazo watu walikuwa wamenunua mapema kuliko siku zote. Haikuwa ajabu. Sikukuu ndiyo wakati feza nyingi za watu ziko mkononi mwa kampuni, na safari bado haijafanyika.

Serkali ifanye nini

Mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, ipo. Sheria ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010 ipo. Wizara ipo. Kinachotakiwa si ofisi mpya yenye magari mapya. Ni amri chache, zilizoandikwa wazi.

Ya kwanza: kampuni inayotaka kubadili jina, kuungana au kufunga itangaze siku ya mwisho ya jina lake angalau siku tisini kabla, na kuanzia tangazo hilo isiuze tiketi yoyote ya baada ya siku hiyo, isipokuwa mrithi wake ameandika kwamba anaipokea.

Ya pili: anayechukua ndege, njia au ruhusa za kampuni iliyoondoka achukue na tiketi zake. Haiwezekani mtu akubali urithi wa shamba na kukataa deni la jembe. Kama hataki tiketi, asipewe njia.

Ya tatu: nauli ya safari iliyo mbali zaidi ya mwezi mmoja iwekwe benki kwenye akaunti ya pekee, isiguswe mpaka abiria apande. Kampuni ijifunze kuishi kwa kazi iliyoifanya, si kwa kazi iliyoiahidi.

Ya nne: sehemu ya Go-Pass, hata dola moja katika kila karatasi, iingie kwenye mfuko wa abiria, na hesabu zake zisomwe hadharani kila mwaka.

Ya tano: matangazo yote ya namna hii yasomwe kwenye redio za mahali, kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, si kwa Kifaransa peke yake. Mtu hawezi kulinda haki ambayo hakuisikia.

Mashirika ya raia, ambayo yanajua kuita siku ya mji kufungwa kwa sababu ya kodi au usalama, yaweke jambo hili mezani. Wabunge wa mashariki wanaopanda ndege kila mwezi kwa tiketi zilizolipwa na Bunge wakumbuke wale walio nyuma yao kwenye mstari.

Abiria afanye nini kabla serkali haijaamka

Kungoja amri ni kazi ya miaka. Safari ni ya wiki ijayo. Kwa hiyo:

Usiulize jina la ndege peke yake. Uliza jina la kampuni linaloandikwa kwenye risiti, pamoja na namba yake ya RCCM, ile ya daftari la biashara. Kama jina la risiti ni la ajansi tu, uliza ajansi imekwisha kupeleka feza kwenye kampuni au bado inaishika.

Dai tiketi, si namba ya nafasi. Herufi na tarakimu sita zinazoandikwa kwenye kikaratasi zinaonyesha kwamba kiti kimeshikwa. Hazionyeshi kwamba kimelipwa. Kwa kampuni zilizo kwenye mpango wa IATA, tiketi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni alama ya kampuni yenyewe. Hiyo ndiyo itakayoombwa siku ya kudai.

Usinunue kwenda na kurudi kwa kampuni yenye mashaka. Nunua kwenda. Kurudi kutanunuliwa huko huko.

Usiunganishe tiketi mbili za kampuni mbili zisizojuana. Ukitoka Bunia na moja ili ushike nyingine Kinshasa ya kwenda nje, na ile ya kwanza ikafa, ile ya pili itakuhesabu kama mtu ambaye hakufika, na tiketi yake nayo inaweza kupotea.

Kama ndugu yuko Ulaya, Marekani au Canada na ndiye anayelipa, alipe yeye mwenyewe kwa kadi ya benki, asitume feza ili mlipe taslimu. Benki nyingi za huko zinaweza kumrudishia malipo ya kadi kama huduma haikutolewa, akidai kwa muda uliowekwa. Feza iliyotumwa kwa simu na kutolewa na mwingine hairudi kirahisi, na feza taslimu hairudi kabisa bila risiti.

Piga picha ya kila karatasi na uitume kwa ndugu aliye mahali pengine. Vita vikija, simu yako inaweza kubaki njiani, lakini picha iliyo kwa dada yako Lubumbashi au Kampala itabaki. Ujumbe wa malipo ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money usifutwe.

Na kama kampuni imekwisha kufunga, msiende mmoja mmoja kulia mbele ya mlango. Jiandikeni orodha: majina, namba za tiketi, kiasi, tarehe. Chagueni watatu, tafuteni mwanasheria mmoja, pelekeni deni lenu pamoja kwenye tribinali ya biashara kabla muda haujaisha. Tiketi moja ya dola 250 hakuna anayeifungulia faili. Tiketi mia mbili ni dola elfu hamsini, na dola elfu hamsini zina sauti.

Deni ni deni

Kampuni ya ndege ina haki ya kubadili jina, kama mtu alivyo na haki ya kubadili koti. Ina haki hata ya kushindwa, maana biashara ya ndege katika nchi hii ni ngumu: mafuta ni ghali, viwanja vibovu, kodi nyingi, vita havikomi. Hakuna mwenye akili anayetaka kampuni zife. Lakini hakuna jina, la zamani wala jipya, la Kifaransa wala la Kiswahili, lenye haki ya kupokea nauli ya kesho huku likijua kesho halitakuwapo.

Mkimbizi amekwisha kulipa mengi kwa makosa ya wengine. Amelipa nyumba, shamba, shule ya watoto. Nauli ya ndege isiongezwe kwenye orodha hiyo. AAC iseme neno, wizara iweke sahihi, na kila anayeuza tiketi leo aulizwe na kila anayenunua: siku ya safari, nani atakuwa anadaiwa kiti changu? Asiyeweza kujibu asipewe feza.